Aliyeanguka Haongei

Siku hiyo Kitinda alianguka mapema. Zimwi la pangoni lilimtandika rungu la ubavu, na mpiga mishale wake, shujaa aliyemlea kwa muda mrefu kuliko watu wengine wanavyolea ndoa, akalala chali katikati ya meza. Kaka mkubwa akatangaza, "Umezimia. Sheria unaijua."

Nani haijui katika nyumba ile? Mchezo huo wa kuigiza mashujaa kwa mdomo na dadu waliuanza ndugu watatu hao wakiwa bado wanavaa sare za shule. Kaka ndiye mchezeshaji: yeye ndiye pango, ndiye zimwi, ndiye mvua; wengine kila mmoja ana shujaa wake, kisanamu kidogo cha mezani. Aliyezimia hurusha dadu, ile ya nyuso ishirini, kila zamu yake inapofika. Akipata kumi kwenda juu ni heri, chini ya hapo ni shari. Heri tatu, roho yake imepona, ila ataendelea kulala hapo hapo mpaka apatikane wa kumwinua. Shari tatu, buriani.

Hayo yamo katika kitabu cha mchezo. Sheria ya kunyamaza waliitunga wenyewe, na chanzo ni dada. Dada alizimia siku moja, akawa anaamrisha watu akiwa sakafuni: wewe pita huku, wewe chukua upanga. Kaka akawaka. Aliyeanguka haongei! Si neno, si mguno, mpaka ainuliwe au afe. Akishakufa, ruksa aseme apendavyo, maana marehemu hana tena mchezo wa kuharibu. Atakayevunja, meza inafungwa na kila mtu aende kwake.

Sasa huyu Kitinda, yaani kitinda mimba wao, ndiye anayeishi na baba. Mchana hukata vioo katika karakana ya duka la miwani, na mama mmoja jirani humshikia zamu ya kumwangalia baba. Jioni humlisha mzee, humnyoa, humgeuza kitandani, kwa kuwa upande mmoja wa mwili umepooza. Na wenzake? Wenzake huja Jumapili. Wanachungulia chumbani, "Shikamoo baba, leo umependeza kweli," halafu haooo mezani. Kama vile kupendeza kunajileta kwenyewe! Lakini tuyaache hayo.

Jumapili hiyo Kitinda alikuja mezani na jambo lake. Karakana kubwa ya mji mwingine ilimtaka akawe msimamizi, na jibu walilitaka kesho asubuhi. Maneno alikwisha kuyapanga: ndugu zangu, naondoka, tugawane zamu za baba. Akasubiri chai iive. Akasubiri dada amalize kusimulia foleni ya barabarani. Ndipo likatokea hilo zimwi.

"Kabla sijasahau," dada akasema, huku akimficha shujaa wake nyuma ya mwamba, "yule mama wa mchana nimemwambia wiki hii ndiyo ya mwisho. Kitinda atakatia vioo vyake hapa nyumbani, huku anamwangalia baba. Si kuna stoo?"

"Wazo zuri," akaitikia shemeji, mume wa dada, mtu wa kukubali lolote ilimradi chai ni ya moto. "Kwani mashine yenyewe ni kubwa?"

Mashine yenyewe ni ya duka! Kitinda akafungua mdomo. Kaka akainua kidole bila hata kumtazama. "Mgonjwa, kimya. Rusha."

Jamani, kukaa na ndugu zako wa damu, wanakupangia maisha mbele ya macho yako, nawe huna ruhusa hata ya kuguna! Akivunja sheria, alijua yatakayofuata: dada atanuna, watavaa viatu vyao waondoke, na kesho yeye yuko palepale. Akarusha. Kumi na nne, heri. Shemeji akampigia makofi.

"Halafu mwenyewe kashazoea," dada akaendelea. "Sisi tukimgusa tu baba, analalamika. Kitinda hana neno. Au siyo, mdogo wangu?" Akamgeukia, akakumbuka, akaangua kicheko. "Masikini, umezimia!"

Wakacheka wote. Machozi yakamlenga Kitinda. Zamu ikazunguka: shari. Kaka akauliza nani atamwinua aliyeanguka, na dawa ya kumzindua alikuwa nayo dada.

"Mwacheni kwanza," dada akasema. "Hapo alipo yuko salama. Tulimalize zimwi."

Shari ya pili. Moyo wa Kitinda ukaruka kwa furaha, na furaha hiyo ikamtisha. Alikuwa anaomba kufa. Dadu iliyofuata ikamletea heri ya pili, akatamani kuitupa dirishani. Moja tu ndiyo iliyobaki ya kuamua. Dada naye alishachukua simu, anamtafuta fundi umeme aje kesho kuvuta waya stoo.

"Usitufie, shemeji," shemeji akambembeleza, kwa moyo mweupe kabisa.

Kitinda akarusha. Dadu ikabiringika hadi upande wa kaka, nyuma ya birika, mahali ambapo dada na shemeji hawakuweza kuiona. Kumi na saba. Heri ya tatu. Amepona, na alale.

Kidole cha Kitinda kikatoka chenyewe, kikaigeuza. Mbili.

Hajawahi kuiba mchezoni tangu azaliwe. Alipoinua macho, kaka alikuwa anamtazama yeye, si dadu. Na huyu ndiye mtu aliyewahi kumfukuza mezani mkewe kwa sababu dadu iliguswa na kiwiko. Kitinda akangoja aumbuliwe.

Kaka akaitazama dadu. Akautazama mlango wa chumba cha baba, akautazama kwa muda. Kisha akamnyanyua mpiga mishale kutoka mezani.

"Shari tatu. Amekufa," akasema. "Wewe, weka hiyo simu chini. Marehemu anataka kusema."