Daktari wa Kupinda

Mimi hasira zangu ziko karibu, lakini siku hiyo hata hasira zilinikimbia. Nilikuwa natetea tasnifu yangu ya uzamifu katika jiometri ya nyuso zilizopinda, na baba alikuwa ametoka kijijini kwetu Mitaboni na suti yake ya kanisa, akaketi mbele kabisa. Nani alimwalika? Mimi mwenyewe na kimbelembele changu.

Nyumbani alikuwa ameshatangaza. "Msichana wangu anasomea vile vitu hupinda," aliwaambia majirani, nao wakanibandika jina: daktari wa kupinda. Mbuzi wa sherehe ya Jumamosi alikuwa ameshatengwa.

Nilieleza vizuri hadi katikati ya uthibitisho. Hapo mtahini mmoja, mama mpole, akaniuliza kama nilichothibitisha kwenye kipande kidogo cha uso ni kweli kwa uso mzima. Nikasema ndiyo, tena kwa madaha. Akaniomba nijaribu kwenye umbo la tyubu ya gurudumu. Nikaichora ubaoni, nikaizunguka kwa hesabu, na niliporudi nilipoanzia, jibu halikuwa lile nililoondoka nalo. Nikafuta. Nikachora upya, ikawa vilevile. Utafiti wangu wote ulikalia kosa ambalo sikuwahi kulichunguza kwa kujiona mjanja. Jopo likaniambia nikaandike upya ndipo nije nitahiniwe tena. Baba akapiga makofi, peke yake katika chumba kizima. Nilitamani ardhi inimeze.

Njiani kurudi nyumbani sikumwambia kwamba nimeanguka. Nilijiambia hakuelewa Kiingereza chao, na nikashukuru, Mungu anisamehe. Jumamosi wageni walipofika nilijificha jikoni, nikikoroga muthokoi wa mahindi na maharagwe ulioiva zamani. Kila aliyechungulia alinisalimu, "Daktari, habari?" Na mimi, bila haya, niliitika.

Kisha nikasikia baba akiniita uani. "Mwaitu, kuja." Huniita hivyo, yaani mama, kwa sababu nimerithi jina la mamake. Nikatoka na mwiko mkononi, watu wote wakinitazama.

"Huyu bado hajapita," akawaambia, sauti yake ya kawaida tu. "Nilimwona akifuta ubao, nikajua. Atarudi tena. Sasa kuleni, halafu tumuombee."

Wakainamisha vichwa. Mimi sikuweza kufumba macho. Nilikuwa namtazama baba, kwa maana makofi yale kumbe alipiga akijua.