Nilitia saini kwa muhali, sasa mama yangu hatoki nje

Admin, jina langu lifiche, maana jumba zima tunafuata ukurasa huu. Mie ni mwanamke wa miaka arubaini na moja, mjane, nauza vitambaa Mlandege. Nnakaa na mama yangu kwenye fleti aliyotuachia marehemu baba, upande wa Amani. Fleti yetu iko chini, lakini mlango wa mbele una ngazi saba. Nyuma kulikuwa na ujia tambarare, wa watu wote, unatokea moja kwa moja barabarani. Nasema kulikuwa.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, nimwite tu Zuhura, ni mpangaji, ana watoto wawili na anapika vitafunio vya shughuli. Mwaka jana alinijia na karatasi na sahani ya katlesi za moto. "Dada, nataka kuuziba ule ujia niweke jiko. Wenzako wote washatia saini, umebaki wewe tu." Moyo ulikataa, wallahi. Kanuni za jumba nazijua: sehemu ya pamoja haizibwi mpaka wenye fleti wote waridhie. Lakini nitamwambiaje hapana mtu amekaa kwenye mkeka wangu, anacheka na mama yangu? Nikaona muhali. Nikatia saini. Matofali yakapanda, bati likawekwa, na mie nikampa hongera juu!

Miezi minne baadaye mama akapata kiharusi. Mguu na mkono wa kushoto ukalala, akawa mtu wa kiti cha magurudumu. Daktari akasema kila wiki aende mazoezi, akikosa mguu utakaza. Sasa atapita wapi? Siku ya kwanza wanaume wanne wa ghorofa za juu walimbeba kwenye ngazi. Walimbeba kwa heshima zote, siwalaumu, lakini buibui lilipanda mpaka magotini na mama hakuweza kulivuta. Kwenye gari akanambia, "Mwanangu, maiti ndiye anayebebwa vile, na yeye hana habari. Mie nilikuwa na habari." Toka siku hiyo hataki kwenda. Wiki ya tano hii. Nimebembeleza, nimelia, nimegomba, hataki kushikwa na wanaume wa watu.

Nikamfuata Zuhura. "Zuhura, bomoa japo upande mmoja kiti kipite." Akanitazama. "Dada, si ulitia saini kwa mkono wako? Mie nshachukua oda za harusi mpaka mwezi wa Ramadhani, nitapikia wapi?" Nilirudi ndani na hasira, na nyengine ni za kujikasirikia mwenyewe.

Nikenda kwa mwenyekiti wa kamati. Akaitoa ile karatasi, akaisoma, akavua miwani. "Hii si halali. Hapa kwa fleti anayokaa Zuhura katia saini yeye, na yeye mpangaji tu. Mwenye fleti hiyo yuko Maskati, hana habari. Lete barua ya malalamiko, ukuta utavunjwa." Nikafurahi! Kisha akaongeza, "Lakini nitalazimika kumjuilisha mwenye fleti, na mkataba hauruhusu mpangaji kujenga chochote. Yule bwana namjua, atamtoa."

Jamani, Zuhura huyu ndiye anayeingia kwangu kila adhuhuri mie niko dukani. Anamkogesha mama, anamlisha, anambadilisha nguo, na hajawahi kuniomba kitu. Kaka zangu wa damu wanapiga simu Ijumaa kwa Ijumaa wakauliza "mama hajambo?" wakakata. Akitolewa, atakwenda wapi na wale watoto? Na mama nitamwachia nani? Nikinyamaza, mama ndiyo basi tena, kitandani mpaka mwisho.

Barua nshaiandika, iko chini ya mto wangu. Kikao cha kamati Jumamosi. Mama hajui chochote. Jana narudi kazini, Zuhura kanipokea mlangoni, mikono imejaa unga, machozi yanamtoka. "Dada, njoo uone! Mama leo kavitikisa vidole vya mguu!" Alikuwa na furaha kuliko mie mtoto wa tumbo. Nilimkumbatia.

Mliowahi kukaa majumba ya pamoja, na nyie mnaouguza wazee wenu, nambieni ukweli hata kama utaniuma. Barua hii niipeleke?