Mkaja wa Mama

Posa ya dada yangu ilikwama kwa sababu ya tumbo la mama. Dini haikutukwamisha. Sisi ni Wakatoliki wa Matogoro, wale ni Waislamu wa Tunduru, na mashangazi wa pande zote mbili walishanung'unika mpaka wakachoka. Siku ile wageni walibakiza kuweka vitu mezani, kula pilau na kuondoka.

Kati ya vitu hivyo kuna mkaja. Ni kitambaa kirefu anachofungwa mwanamke tumboni akishajifungua, kikakazwa hadi apumue kwa shida, ili tumbo lirudi mahali pake. Anayekuja kuoa humletea mama wa binti mkaja kama kumwambia: tunajua uliumia. Siku hizi watu huleta bahasha wakaiita mkaja, kana kwamba bahasha inafungika kiunoni. Mama alituma ujumbe mapema kwamba anataka kitambaa chenyewe, cha kufumwa.

Bibi, mzaa baba, alikuwa akitusimulia kwamba mama yake alifungwa gome la mti lililopondwa likalainika. Yeye mwenyewe alifungwa pamba iliyofumwa kwa mkono, nzito kiasi kwamba ukiiloweka unatafuta mwanamume wa kuikamua. Kisha zikaja kaniki za dukani na wafumaji wakarudi kulima. Niliwahi kumwambia kwamba roho ya ukoo imefumwa mle. Akasema kilichokuwamo mle ni jasho, maziwa, na mara nyingine chawa.

Wageni walileta kente, kitambaa cha Ghana cha rangi nyingi. Binamu wa bwana harusi, kijana wa suti inayobana, aliitandaza mezani akatusomea kwenye simu: njano ni utajiri, kijani ni ardhi, nyeusi ni wahenga. Vazi la wafalme, alisema. Baba mdogo, msemaji wetu, aliitikia kwa kichwa, kwa heshima kubwa, maana alikuwa na njaa.

Shangazi akaipeleka chumbani kwa mama, kwani mama wa binti hatakiwi kuonekana wanaume wakizungumza. Kisha mama akatoka.

Aliigeuza mbele ya wote. Upande wa nyuma ulikuwa umepauka, karibu mweupe. Akasema hii imechapwa kiwandani. Kitu kilichofumwa rangi yake hutokea pande zote. Akajifunga, akakaza, akavuta pumzi. Fundo likateleza na wafalme wote wakamwangukia miguuni. Mtu mmoja alicheka, nadhani ni mimi.

Baba mdogo akamsihi arudi ndani, kingine kitatafutwa baadaye. Mama akamtazama.

"Shemeji, kwa hawa watoto wengine nilifungwa kitambaa cha mama mkwe. Kufika kwa huyu kilishachanika. Kaka yako aliahidi kuniletea mkaja, akapitiwa. Nikafungwa mfuko wa unga wa ngano, maandishi yake yanasomeka. Huyu ndiye wa mwisho kutoka tumboni humu. Nisipofungwa leo, haolewi mtu."

Dada alikuwa amesimama mlango wa jikoni. Alitazama sakafu, mwiko mkononi.

Mshenga wao, mzee wa kanzu na kofia, akakohoa.

"Mama, kikoi kitafaa?"

"Kimefumwa?"

"Kimefumwa, tena pamba tupu. Ila nimekivaa."

"Basi kavue."

Mzee akaelekea chumbani kwetu, kanzu ikipepea. Aliporudi alikabidhi kikoi kilichokunjwa vizuri, kingali na joto lake, akaketi magoti yamebana kama sista aliyeanza utawa jana. Shangazi alitia goti kwenye nyonga ya mama akavuta kwa nguvu zote. Mama akafumba macho. Fundo likashika.

"Haya, endeleeni," alisema, akarudi ndani.

Yaliyobaki yalikwenda haraka, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumwita tena. Wakati wa kuondoka mshenga alikataa bodaboda, akasubiri gari.

Wageni walipokwisha kuondoka, mama alikaa uani kusugua masufuria, kikoi bado kimemkaza juu ya gauni. Alipumua kifupikifupi. Dada akachuchumaa nyuma yake ili afungue fundo. Mama akaondoa ule mkono.

"Kiache. Mkaja haufunguliwi siku hiyohiyo."

Dada akavuta beseni la maji karibu, akaanza kusuuza.