Steringi wa Kifaransa na Mwavuli Mwekundu

Wiki yangu ya kwanza katika nyumba ile ya Sparkbrook, huku ughaibuni, niliwapa wenyeji wangu pole ya msiba ambao haukuwepo.

Nilikuwa nimepanga chumba cha juu kwa mume na mke wa makamo kutoka Bukavu. Jumapili mchana, nikiwa ngazini, nilimsikia mama mwenye nyumba akisema kwenye simu, "Aktere amekufa! Minakuambia amekufa, na bibi yake hakulia hata kidogo!" Nikashuka taratibu, nikaingia jikoni na mikono kifuani.

"Mama, poleni sana. Mungu amlaze mahali pema."

Akanitazama, mwiko mkononi. "Nani?"

"Marehemu."

Mumewe, ambaye nilimwita Papa kama walivyomwita Wakongo wote wa mtaa ule, alicheka mpaka akaegemea friji.

Ndipo nikajifunza kwamba kwa watu wa Bukavu aktere si kila mwigizaji. Ni yule mmoja tu, mwenye filamu yake, ambaye sisi katika mabanda ya video ya Mwanza tulimwita steringi. Wengine wote ni watu wa kujazia. Na huyu wao, Mfaransa mmoja mwenye masikio makubwa, alikuwa amekufa kwenye televisheni, si kwa mara ya kwanza wala ya mwisho.

Kanda zake zilijaa rafu nzima sebuleni. Nyingi walizipata kwa ndugu zao wa Ubelgiji. Papa, aliyewahi kufundisha Kifaransa shuleni na sasa alikuwa akisafisha ofisi za mjini, alizipanga kwa nywele. Kushoto kabisa nywele zilikuwa nyeusi na nyingi, hapo Mfaransa ndiyo kwanza ametoka kwenye jukwaa la tamthilia, na filamu zinampa kazi ya kubeba sinia na kusema, "Ndiyo, bwana." Ukisogea kulia anakuwa askari, halafu mwizi, halafu steringi kamili anayependwa na wanawake wawili kwa pamoja. Nywele zikianza kurudi nyuma anageukia vichekesho. Kanda za mwisho kulia alikuwa na upara, babu wa watu, na tayari tena kusema, "Ndiyo, bwana," safari hii kwa mjukuu.

Jumapili baada ya kanisa tulitazama moja. Mimi sikujua Kifaransa, kwa hiyo Papa alinitafsiria, na Mama akamsahihisha Papa. Kilichonishinda ni vifo. Katika mabanda yetu mtu akipigwa risasi alianguka, basi, hadithi ikaendelea. Huyu aliegemea ukuta, akatafuta kiti, akasamehe maadui, akaomba sigara.

"Papa, huyu atakufa lini?"

"Pole pole. Huyu ni mutu ya teatri. Kule walimulipia kifo, lazima atoe kifo."

Ukutani, juu ya kanda, ilikuwapo picha yao ya harusi. Papa mwembamba kama ufito, Mama katika gauni jeupe, na mkononi mwa Mama, badala ya maua, mwavuli mwekundu uliofungwa. Nilipouliza, Mama alisema, "Ni mambo ya filme," akatabasamu. Papa akaenda kuangalia chai.

Mimi ni mtu asiyekaa mahali pamoja. Siku zangu za mapumziko nilipanda basi lolote mpaka mwisho wa njia, nikatembea, nikarudi. Ndivyo nilivyofika Great Barr siku moja, nikaingia katika duka la vitu vya mitumba, na kati ya sahani na viatu vya watoto nikaona DVD yenye maandishi ya Kifaransa. Masikio niliyajua. Nywele nyeusi, za upande wa kushoto wa rafu, na nyuma yake treni. Filamu hii kwenye rafu haikuwapo. Njia nzima ndani ya basi niliishika kama mtu anayepeleka keki.

Papa alifungua mlango, akaona jalada, akatoka nje na kuufunga nyuma yake. Alikuwa amevaa ndala tu, na baridi ilikuwa kali.

"Umeipata wapi hii?"

"Great Barr. Papa, hukufurahi?"

"Mutoto yangu, utaniua." Akaninong'oneza hadithi yote pale mlangoni, akirukaruka kwa baridi. Alipomposa Mama, Mama hakujibu ndiyo wala hapana. Walikwenda sinema kutazama filamu hii, na kabla ya mwisho umeme ukakatika Bukavu nzima. Steringi alikuwa ndani ya treni, na risasi tumboni. Mama akasema, kwa mzaha usio mzaha, "Aktere akipona, nitakubali. Akikufa, ni alama mubaya." Kesho yake Papa alirudi peke yake kutazama mwisho. Akakuta filamu imeshapelekwa Uvira.

"Ukafanyaje?"

"Nikaenda kwao, nikamuambia aktere alipona. Nikamuambia treni ilisimama, na bibi alikuwa anamungoja na mwavuli mwekundu."

"Kwa hiyo hujui kama alipona?"

"Mimi? Sikuonaka mwisho hata siku moja!"

Nikamtuliza kwa elimu yangu yote ya mabanda ya video. "Usihofu, Papa. Steringi hafi."

"Wa kwenu hakufi," alisema. "Huyu ametoka teatri."

Mlango ukafunguka. Mama alitutazama, akatazama mkono wangu, akaichukua DVD. Aliigeuza mbele na nyuma, nikadhani amekasirika. Kisha akaiweka kifuani. "Papa! Ni ile yetu!"

Jumapili ile Mama alipika sambusa, akavaa kitenge cha sikukuu. Papa hakula hata moja. Filamu ilikuwa nzuri kuliko nilivyotegemea. Maandishi ya Kiingereza yalipita chini ya picha, na kwa mara ya kwanza sikuhitaji mkalimani. Mfaransa alikuwa kijana, mwepesi, anakimbia juu ya mapaa. Kisha ikaja risasi. Kisha treni.

"Hapa," Mama akasema, akiketi ukingoni mwa kochi. "Hapa njo umeme ilikatika."

"Ninaenda choo," akasema Papa.

Dakika haikupita, nyumba nzima ikazimika. Televisheni kimya, friji kimya. Tukabaki na mwanga wa dirishani, kijivu cha saa tisa alasiri. Papa akarudi akitikisa kichwa. "Mita imekula yote. Na duka ya kujaza imefunga leo. Tutaona siku ingine."

"Mita nilijaza mimi jana," Mama akasema.

Akainuka, akaenda kwenye kabati la chini ya ngazi, tukamsikia akisogeza ndoo na fagio. Swichi kubwa ikapandishwa kwa kishindo. Friji ikakohoa. Mama akarudi, akapiga pembeni ya kochi kwa kiganja. "Papa. Kaa hapa."

Papa akakaa.

Treni ilisimama. Mfaransa alishuka, mkono tumboni. Alitazama huku na huku, akapata benchi, akaketi, akakosa sigara, akaongea na saa ya stesheni. Mutu ya teatri. Nilianza kuomba kimoyomoyo: steringi hafi, steringi hafi. Akafa. Mfanyakazi wa stesheni akamfunika kwa koti, na majina yakaanza kupanda. Hakuna mwanamke aliyekuja.

Papa alikuwa anatazama ndala zake.

"Mwavuli iko wapi?" Mama akauliza.

Papa akainama, akaanza kuzipanga ndala.

"Papa, ninauliza mwavuli. Nilizunguka Bukavu siku tatu nikitafuta mwavuli mwekundu. Pasta alinigombeza mbele ya kanisa. Miaka hii yote ninaonyesha watu picha, ninawaambia ni mambo ya filme!"

"Mvua ilininyeshea njiani kuja kwenu," Papa akasema, sauti ndogo. "Nilikuwa nawaza mwavuli tu."

Mama alifungua mdomo kumgombeza, na kilichotoka ni kicheko. Alicheka akishika mbavu, akamwegemea, akampiga begani, akacheka tena. Mimi nikachukua sambusa kwa kukosa la kufanya.

Alipopata pumzi, alichukua rimoti, akazima televisheni. Akaketi wima, mikono mapajani, kama msichana aliyefuatwa nyumbani kwa wazazi wake.

"Niambie tena mwisho," akasema. "Vile uliniambia ile siku."

Papa akanitazama mimi, akamtazama yeye. Akakohoa. Akaanza na treni inavyopunguza mwendo, na moshi, na watu wanaoteremka, na aktere kwenye ngazi ya behewa, mzima kabisa, anavua kofia yake—

"Ile siku kofia haikukuwa," Mama akasema. "Endelea."