Fundi Asiyetaja Bei Mlangoni

Fundi wa majiko hataji bei akiwa mlangoni. Wanjeri alipomwita kwake nje ya Njoro amjengee jiko la kuni la matofali, salamu zilipoisha tu alimwambia, "Mathe, shika mwiko." Akamsimamisha ukutani, akamtaka asonge ugali hewani, ugali wa watu wanane, na asione haya. Wanjeri akasonga huku akicheka. Fundi, vidole vimepasuka kwa udongo, sauti ya chini kama ya mtu aliye kanisani, akachora ukutani alama ya makaa usawa wa kiwiko cha Wanjeri. Kisha akamwinua Shosho, mama mkwe wa Wanjeri, kutoka kwenye mafiga, naye akasonga. Alama yake ikawa chini zaidi. Fundi akazitazama zote mbili, akachagua ya Shosho iwe kimo cha jiko.

Hapo ndipo alipoandika bei ukutani kwa makaa yale yale: matofali, simiti, bomba la moshi, kazi. Wanjeri akashusha pumzi. "Hiyo bomba toa, boss. Moshi tumezoea." Shosho akakohoa. Fundi hakubishana. Alifuta kwa kiganja mstari wa mwisho, ule wa kazi, akaliacha bomba. "Hii tutaongea ukivuna."

Siku ya kuwasha, wengine wote waliinamia moto. Fundi alitoka nje hadi uani, kofia mkononi, akautazama moshi ukipanda juu ya mabati, kama mtu anayemsindikiza mgeni aliyekaa kupita kiasi.