Mbegu za Kipupwe za Shangazi

Nilikuwa namwagilia tuta la saladi la shangazi wakati baba mdogo aliponipigia simu kutoka hospitali. "Dada ametutangulia," alisema. Niliweka ndoo chini, nikamwomba Mungu ampokee.

Shangazi aliuza miche na mbegu uani kwake, nyuma ya kituo cha mabasi, tangu sijazaliwa. Mbegu alizivuna mwenyewe, akazitunza katika makopo ya maziwa aliyoyafunga uzi wa rangi. Kopo la uzi mwekundu lilikuwa na mbegu za mimea iliyokomaa wakati wa joto. La uzi wa buluu, za mimea iliyokomaa wakati wa kipupwe. Mteja akilalamika kwamba mbegu haziamki, alimuuliza kwanza, "Mama yao alizaa majira gani?" Mama wa joto, alisema, huwatuma wanawe mapema. Mama wa baridi huwaambia walale kwanza. Udongo ni ule ule, maji ni yale yale.

"Basi mimi ni wa uzi wa buluu," baba mdogo alimwambia siku moja, maana alizaliwa kipupwe na kumtoa kitandani ni kazi.

"Hao huota mwishowe," shangazi akajibu. "Wewe bado twakungoja."

Tuta lile la saladi alilisia mbegu kabla ya kulazwa, akalimalizia kopo zima. Mbegu nyingine za saladi ile hatukuwa nazo. Na siku ya msiba udongo ulikuwa bado mtupu.

Baba mdogo alikuja na jembe. "Tusawazishe hapa, tuweke viti vya watu. Hizi zimekufa, mwanangu."

"Hazijafa, baba. Kopo lilikuwa la buluu. Nilimshikia mwenyewe akisia."

"Na zisipoota?"

"Utanilaumu mimi. Lakini jembe lisiguse hapa."

Aliegemea mpini, akautazama udongo. "Dada alinihesabu na hizi tangu zamani," alisema, akaondoka na jembe lake. Viti tulivipanga kando ya ukuta, na waliokosa nafasi walikaa barazani.

Siku ya mazishi niliamka alfajiri, nikamkuta baba mdogo uani ameshika ndoo. Tuta lilikuwa limelowa tayari.

Baadaye tulimwombea shangazi, tukambeba hadi makaburini. Baba mdogo alitia udongo wa kwanza, nikafuata mimi, kisha majirani. Tulisema amina, tukamwacha mikononi mwa Mungu.