Daktari wa Dada Yangu

Dada yangu alikuwa na daktari wa kumsikiliza, mimi sikuwa naye. Jambo hilo lilinikaa rohoni mwaka mzima baada ya mama yetu kufa, wakati mwingine kuliko hata kifo chenyewe. Nikilisema sasa watu hudhani natania.

Tulikuwa wawili tu kwa mama. Yeye ndiye mkubwa. Alisoma akamaliza sekondari, akaajiriwa karani wa benki, akaolewa na mtu wa kampuni ya bima, wakanunua nyumba Buruburu wakati zile nyumba zilipokuwa bado zinanukia rangi. Mimi niliishia darasa la saba, nikajifunza cherehani, nikaolewa na mfanyakazi wa kiwanda cha mafuta ya kupikia kule Indastria. Tulipanga nyumba ya baraza la jiji katika mtaa wa Jericho. Kati ya mlango wangu na wake palikuwa na barabara moja ya kuvuka na mwendo mfupi wa miguu.

Mama alipougua na kuletwa kutoka mashambani, kila mtu alidhani atakaa Buruburu, penye chumba cha wageni na choo cha ndani. Akachagua kwangu. Alisema kule kuna kimya kingi mno. Tulimpa kitanda chetu, sisi na watoto tukatandika sakafuni, na miezi miwili haikupita akafa mikononi mwangu asubuhi ya Jumamosi, nikimnywesha uji.

Nilizika, nikarudi kazini, nikadhani yamekwisha. Kisha mwili wangu ukaanza kunigeuka. Nimeketi kibandani sokoni nashona sare za shule, mara moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, pumzi inakwama, nina hakika nakufa. Niliacha kitambaa chini ya sindano nikatoka nje kushika nguzo. Wenzangu wa vibanda vya jirani walidhani nina mimba. Usiku sikulala. Mume wangu, mtu wa maneno machache, alinikanda mgongo mpaka usingizi ukamchukua yeye.

Dada naye alikuwa akilia benki mbele ya wateja. Ila yeye alipata njia. Kampuni ya mumewe ililipia matibabu ya familia nzima, na daktari wao akamwelekeza kwa daktari mwingine wa katikati ya jiji, ambaye kazi yake ilikuwa kusikiliza. Huyo hakuwa na sindano. Alikuketisha kwenye kiti cha ngozi katika chumba chenye zulia, akafunga mlango, akataka kujua umeshindaje.

Nayajua haya kwa sababu dada alinisimulia. Kila Jumanne akitoka huko alipitia kwangu, akaketi kitandani, kitanda kile kile cha mama, akanipa alichoambiwa. Alikuwa na nia njema kabisa. Daktari amesema hofu ikija usishindane nayo, pumua polepole, itapita yenyewe. Daktari amesema mtu haamriwi siku ya kuacha kulia. Nilimsikiliza huku nasukuma chapati, na mengine niliyajaribu usiku yakanifaa kidogo. Lakini tangu utotoni nilivaa nguo alizokwisha kuzivaa yeye, na sasa hata maneno ya kunituliza yalinifikia yakiwa yamepita kwake kwanza.

Nilimwonea wivu kiti kile. Nilimwonea wivu ule mlango. Kwangu mlango ulikuwa wazi tangu asubuhi, watoto wanaingia na kutoka, jirani amekuja kuazima chumvi, redio ya nyumba ya pili inasikika kama imewekwa mezani kwangu. Nilimwonea wivu hata alivyotamka "daktari wangu," kwa sauti aliyotumia kusema "mume wangu" siku za mwanzo za ndoa yake.

Siku moja nilimwomba aniulizie kama naweza kwenda. Jumanne iliyofuata alilizungukazunguka jibu, akaongea habari za mvua, habari za bei ya sukari, mwisho akasema. Malipo ya kuonana na daktari mara moja yalizidi kodi ya nyumba yetu ya mwezi.

"Ningekulipia," akasema, "lakini hata mimi silipi."

Ilikuwa kweli tupu, na iliniuma kuliko kama angenikatalia.

Nikaenda kujitafutia. Katika hospitali ya serikali nilipanga foleni tangu alfajiri, na daktari kijana aliyechoka akaniuliza maswali bila kuinua macho kwenye karatasi. Alinipa vidonge. Nilivimeza, nikawa na usingizi wa mchana uliofanya nishone mkono wa shati mahali pa kola. Mchungaji aliniombea, nikashukuru, nikarudi nyumbani na moyo wangu ule ule. Mama mkwe alituma mtu kuniuliza taratibu kama kuna aliyenifanyia kitu. Rafiki yangu mmoja wa sokoni alinitajia hospitali ya wendawazimu, kisha akatazama pembeni, na tangu hapo akawa ananisalimia kwa upole wa kupita kiasi.

Ndipo dada akaja Jumanne moja na ombi. Daktari alitaka asimulie siku ya mwisho ya mama, tangu mwanzo hadi mwisho, asiruke kitu.

"Na mimi sikuwepo," akasema. "Niambie ilivyokuwa, niwe na cha kumwambia."

Nilikuwa na unga mikononi. Nikamwambia. Uji ulikuwa wa wimbi. Mama alisema ndimu imezidi. Aliuliza kama watoto wamevaa viatu, kisha akanishika kifundo cha mkono, na hakuniachia. Nilimpa yote hayo kwa sababu ni dada yangu na aliniuliza. Alipoondoka nilikaa chini sakafuni, chapati zikaungua. Asubuhi ile ilikuwa yangu. Katika kila tulichogawana tangu tuzaliwe nilipata kilichobaki, isipokuwa asubuhi ile, na sasa ilikuwa ikipandishwa kwa lifti kwenda kusikilizwa penye zulia, wakati mimi mwenye nayo hakuna mtu aliyewahi kunikalisha akaniambia, haya, simulia.

Jumanne iliyofuata nilifunga mlango, nikawanyamazisha watoto kwa mandazi, naye dada akabisha akabisha akaenda zake.

Nilichokitafuta nilikipata nisipotazamia. Nilimpeleka mtoto wa mwisho kuchanjwa katika kliniki ya baraza, na muuguzi aliyekuwa akipima watoto uzani aliona mikono yangu ilivyotetemeka. Hakusema kitu mbele ya watu. Alipomaliza alinivuta kando, akanieleza kwamba Alhamisi alasiri, watoto wakishaondoka, muuguzi mwenzake aliyesomea magonjwa ya akili huketi na wanawake katika chumba cha nyuma. Hakuna malipo. Kila mtu huja na kikombe chake cha chai.

Kilikuwa chumba cha kuwekea maboksi ya maziwa ya unga, chenye benchi mbili zinazotazamana. Tulikuwa wachache: muuza mboga wa pale pale Jericho, mama aliyefua nguo za watu Makadara, msichana aliyefukuzwa kwao, wengine waliokuja na kuacha. Muuguzi mwenyewe alikuwa mama wa makamo, sweta mabegani, si msemaji. Alitutaka jambo moja tu, yatakayosemwa yasitoke nje. Alhamisi yangu ya kwanza nilinyamaza. Ya pili alinigeukia.

"Na wewe, mama, umebeba nini?"

Nikasimulia asubuhi ile. Nilidhani haitakuwa na ladha tena kwa kuwa dada ameshaipeleka kwake, lakini ilinitoka nzima, na hakuna aliyenikatiza. Nilipofika mwisho, muuza mboga akauliza, "Uji uliobaki uliufanya nini?"

Hilo dada hakuliuliza. Nikasema kweli. Niliunywa. Nilikaa kando ya mama nikaunywa wote mpaka bakuli likaisha, kabla sijaita mtu yeyote, kwa kuwa sikujua la kufanya. Yule msichana akaanza kulia, nami nikamfuata. Usiku huo nililala mpaka mume wangu akaniamsha.

Basi nikawa na mahali pangu. Sikumwambia dada. Alipokuja Jumanne na maneno ya daktari wake nilimpokea vizuri, nikamkaribisha chai, na nilifurahi moyoni kwamba sasa mimi pia nina changu, asichokijua yeye.

Halafu kampuni ya shemeji ikabadilisha utaratibu wa matibabu, na daktari yule akaondolewa. Dada alikuja kibandani kwangu sokoni, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo. Alikuwa amekonda. Alishikashika kitambaa cha sare mezani, akasema amesikia kwa mume wangu kwamba kuna mahali ninakwenda Alhamisi.

"Naomba twende wote."

"Pamejaa," nikamwambia.

Hapakuwa pamejaa. Benchi moja ilikuwa karibu tupu. Alitikisa kichwa kukubali, akanyoosha kile kitambaa vizuri kama alivyokikuta, akaondoka. Lakini dada yangu hakuwa mtu wa kushindwa na mlango mmoja. Alhamisi ilipofika nilimkuta ameshaketi chumba cha nyuma, na kikombe chake cha udongo mweupe chenye kisahani. Alikuwa amekwenda kuuliza kliniki mwenyewe. Nikakaa benchi ya mkabala.

Alizungumza siku hiyo hiyo. Kwa daktari alikuwa amezoea. Nilikaa nikisubiri atoe uji wangu, atoe ndimu yangu, na nilikuwa tayari kusimama. Hakuvitoa. Alisema Jumamosi ile mtoto wangu mkubwa alifika kwake mapema kumwambia bibi amezidiwa. Yeye alikuwa juu ya kiti anatundika mapazia mapya. Alisema anakuja. Kisha akamaliza mapazia ya sebuleni, yote, akasimama kuyatazama yamekaaje. Alipofika Jericho mama alikuwa amefunikwa.

"Daktari nilimpa siku ya mdogo wangu," akasema. "Yangu sikuweza kuisema."

Wanawake walimsogelea. Muuza mboga wangu, aliyeniuliza habari za uji, alihamia upande wake akamshika mkono. Nami nilikuwa nimesikia yote, na kilichonijia kwanza hakikuwa huruma.

"Hata hapa," nikasema. "Hata hapa amekuja kunichukulia."

Muuguzi hakunikemea. Aliniuliza, kama anayetaka kujua kweli, amenichukulia nini. Nikaanza kutaja. Shule, maana pesa za baba zilitosha mmoja. Nguo. Kiti cha ngozi. Asubuhi ya mama. Nilikuwa na mengi, na dada alinisikiliza bila kugeuza uso mpaka nikaishiwa.

"Nilimtayarishia chumba," akasema. "Nilinunua shuka na taa ya kando ya kitanda. Akachagua kwako."

Nilimtazama. Sikuwahi kufikiri kwamba katika nyumba yangu ile kuna kitu ambacho dada angeweza kukitamani.

Hatukukumbatiana. Tulitoka pamoja, tukafika barabarani, akavuka. Juma lililofuata muuguzi alituita, akasema ingefaa mmoja aingie kundi lake jingine, la Jumatatu, ili kila mtu apate nafasi yake, akauliza nani. Nikasema Alhamisi ni yangu. Dada akasema sawa, Jumatatu ataomba ruhusa benki.

Moyo wangu ulitulia taratibu. Hofu ilikuja mara moja kwa juma, baadaye mara moja kwa mwezi, nami nikarudi kushona mikono mahali pa mikono. Muuguzi alipohamishiwa mji mwingine, kundi letu la Alhamisi lilisambaa. La Jumatatu halikusambaa, kwa sababu dada aliwahamishia wenzake sebuleni kwake Buruburu. Wanawake kutoka mitaa yote ya huku walimjia na vikombe vyao, bila kulipa kitu, na sokoni watu walinisifia bila kujua ninavyojisikia: dada yako ana sikio.

Aliponialika nilikwenda mara chache. Ilikuwa kweli, alijua kusikiliza. Nilikaa kwenye kona nikamtazama akimwinamia mama mmoja mgeni, mikono magotini, hana haraka, na nikatamani mama yule amalize upesi ili dada yangu anigeukie mimi.